Kwa Nini Ng'ombe wa Mzee Marseli Anaitwa Yanga

Dada yangu Evarista anasoma historia chuo, Dodoma, mwaka wa pili, na hapa Endabash sijawahi kusikia mtu akimwonea wivu kwa hilo. Sana sana wanamcheka. Binamu yetu Dominic, anayeendesha gari za watalii, kila akimwona lazima atupe neno.

"Eva, ungesoma utalii saa hizi ungekuwa kreta, kwenye wanyama, na wazungu. Historia ya nini sasa? Fuvu la mtu wa kale lilishapatikana Olduvai, kazi imeisha!"

Eva anacheka tu. Hana haraka ya kujibu, huyo. Ni mwembamba, miwani inamshuka puani muda wote, na anatembea na daftari la kava jeusi kama wenzake wanavyotembea na pochi. Tukienda harusini mimi nipo kwenye muziki, yeye utamkuta amekaa na vibibi, anauliza kisima cha kanisani alichimba nani. Na ukimwambia kitu kwa uhakika, umeumia. Siku moja nilimwambia Karatu mjini mvua imenyesha, akaniuliza, "Umeona, au umeambiwa?" Nikasema nimeambiwa. "Na nani? Yeye alikuwepo?" Yaani mvua! Mvua tu, jamani.

Sasa kuna swali lake moja la tangu utotoni, naliweka hapa mapema maana ndilo lililotuokoa. Jirani yetu Mzee Marseli ni shabiki wa Simba, damu. Jezi nyekundu anaivaa mpaka kwenye misiba. Lakini ana ng'ombe jike wa rangi ya chai ya maziwa, na kila jioni akirudisha mifugo utamsikia, "Yanga! We Yanga! Pita huku!" Sisi watoto tulikuwa tunakufa kwa kucheka. Eva peke yake ndiye alikuwa hacheki. Aliwahi kumfuata, akiwa darasa la tano, akamuuliza, "Shikamoo Mzee. Wewe ni Simba, mbona ng'ombe anaitwa Yanga?"

"Marahaba. Nenda kacheze."

Jibu likawa hilo, na Eva akaliandika.

Basi, mwaka huu mwezi wa saba Eva yupo nyumbani likizo, tunavuna maharage ya ngwara, ikaja barua ya wito kutoka baraza la ardhi la kijiji. Mzee Marseli anadai shamba letu la korongoni. Alhamisi tufike, tuje na mashahidi. Na tulijua kwa nini ameamka sasa: kuna mtu wa Arusha alipita mara mbili na gari jeupe, anatafuta eneo la kujenga kambi ya mahema ya watalii, na pale korongoni unaona milima yote mpaka ukingo wa kreta.

Mnielewe vizuri hapa. Shamba la korongoni ndilo tunalokula. Lile jingine la juu ni mawe matupu, mbuzi mwenyewe akipita anatikisa kichwa. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, Mama anatulea na lile la chini: mahindi, ngwara, mbaazi, na ada ya Eva humo humo. Likienda hilo, Eva harudi chuo, na sisi sijui tungekwenda wapi. Mama aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja ndogooo, akaiweka kwenye kopo la chumvi. Hakula siku hiyo.

Sisi tulichokuwa tunajua ni hiki. Babu Emmanueli alimpa baba yake Marseli ng'ombe, naye akampa Babu shamba. Ilikuwa mwaka wa unga wa Yanga. Kwa wasiojua, ni ule unga wa mahindi ya njano wa msaada uliokuja wakati wa njaa, watu wakauita hivyo kwa rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Hakuna karatasi yoyote. Kuna Bibi Paskalina tu, mke wa Babu, ambaye sasa ana miaka themanini na kitu na jicho moja linaona.

Jumatatu Mzee Marseli akapita kwetu mwenyewe. Hata kiti hakukaa.

"Mama Eva, nisikuchoshe. Unga wa Yanga ni mwaka themanini na nne, kila mtu anajua. Mwaka huo baba yangu alilazwa Mbulu kuanzia mwezi wa kwanza mpaka akafia huko huko. Cheti cha hospitali hiki hapa, muhuri unaonekana. Sasa huyo aliyempa mzee wenu shamba ni nani? Marehemu alitoka wodini kwa miguu?"

Eva akasema, "Naomba nikione, Mzee," akakisoma, akaandika tarehe, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ni cha kweli," akasema.

Nikamkanyaga mguu. Uko upande wa nani wewe?

Jumanne asubuhi Eva akakaa na Bibi Paskalina uani, wanapukuchua mbaazi. Nilitegemea atamuuliza, Bibi, ilikuwa mwaka gani? Wala. Akaanza mbali huko. Siku hiyo mlipika nini? Mlipikia wapi? Mgongoni ulikuwa na nani?

"Baba yenu," Bibi akasema. "Alikuwa anaota meno, ananing'ata bega. Ule unga nikimpa uji anautema."

Eva akaniangalia. Tukakimbilia sanduku la Mama, kadi ya ubatizo ya Baba hii hapa: amezaliwa mwezi wa tisa, mwaka sabini na tatu. Mtoto anayeota meno ana miezi sita, saba, hata mwaka. Themanini na nne Baba alikuwa na miaka kumi na ushee, anachunga!

"Bibi," Eva akauliza polepole, "unga wa Yanga ulikuja mara ngapi?"

"Mara mbili. Mimi nimekula mara zote mbili. Wa kwanza ndio ulikuwa na wadudu."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Sabini na nne! Baba yake Marseli alikuwa mzima wa afya! Cheti chake cha hospitali hakigusi kitu. Nikamwambia Eva tumeshinda, funga daftari, twende tukamwambie Mama. Eva hakufunga.

"Bado kuna neno moja sijalielewa," akasema. "Bibi, unaposema Babu alimpa ng'ombe. Alimpa akawa wake?"

Bibi akamshangaa kama amemuuliza jua linatokea wapi. "Akawa wake kivipi? Ng'ombe ni wa mwenye ng'ombe. Alimpa amshike. Wao walikuwa na watoto wadogo, maziwa hawana. Kwetu unampa mtu ng'ombe anashika, anakamua, anapata samadi. Akizaa, ndama ni wako wewe mwenye ng'ombe. Hamjui hata hilo? Chuo wanafundisha nini?"

"Na shamba, Bibi?"

Bibi aliendelea kupukuchua. "Na sisi tulishika shamba," akasema.

Jamani. Kumbe miaka yote nyumba nzima tunasema Babu alimpa ng'ombe akapewa shamba, kama watu wanaobadilishana, na kumbe walishikiana tu. Shamba si letu. Na neno hilo limetoka mdomoni mwa shahidi wetu wenyewe.

Mama alikuwa mlangoni. Amesikia lote.

"Evarista," akasema. Akikuita jina zima ujue kumekucha. "Hilo daftari lichome."

"Mama..."

"Nimelima na mimba yako kwenye shamba lile. Nimekupeleka chuo kwa shamba lile. Uje na kalamu uliyonunuliwa na shamba lile, uandike kwamba si letu?"

"Mama, mimi nikinyamaza, Alhamisi Bibi ataulizwa mbele ya watu. Atasema nini?"

Tukamwangalia Bibi. Bibi hajui kudanganya, hata kidogo. Aliwahi kumwambia padri kwamba mahubiri yalikuwa marefu.

"Basi asiende," Mama akasema. "Aumwe."

"Mimi siumwi," Bibi akasema.

Mama akaingia ndani. Eva akakaa pale na daftari mapajani, miwani ameivua, na ndiyo mara ya kwanza nimemwona dada yangu hajui afanye nini. Nikamuuliza, kwani lazima useme yote? Si useme tu lile la sabini na nne? Ni kweli, si uongo.

"Ni kweli nusu," akasema. "Marseli alileta cheti cha kweli, na ameishia hapo hapo kwenye nusu yake. Nikifanya hivyo na mimi, tofauti yetu ni nini?" Akavaa miwani. "Halafu, Janeth, hadithi hii tumeisikia upande wetu tu. Upande wa pili kuna mtu alikuwepo."

Alikuwa anamaanisha Bibi Selina, mama yake Mzee Marseli. Yupo hai, hatembei, anakaa kitandani chumba cha nyuma. Nilimwambia Eva umechanganyikiwa. Unakwenda kutafuta ushahidi kwa adui?

Jumatano Mzee Marseli alikuwa mnadani. Mkewe alitukaribisha vizuri tu, akatuingiza. Tukamwamkia Bibi Selina, Eva akamwambia yote bila kuficha: kuna kesi ya shamba kesho, mwanao na mama yangu, nakuomba unisimulie mwaka ule, na ukiruhusu mdogo wangu atarekodi kwenye simu watu wasikie. Ukikataa tunakunywa chai tunaondoka.

"Rekodi," Bibi Selina akasema. "Mimi wa kuogopa nini, nina meno mawili."

Nikawasha. Eva akauliza tu, "Bibi, tusimulie njaa ile ya kwanza," akanyamaza. Kunyamaza kwenyewe nilidhani amesahau swali! Mimi nikataka kumsaidia, nikaanza, "Si mlipewa ng..." Eva akanifinya paja mpaka leo kuna alama. Baadaye aliniambia, ukimtilia mtu jibu mdomoni, unachorekodi ni sauti yako mwenyewe.

Bibi Selina akaanza. "Mtoto alikuwa analia njaa, huyo huyo Marseli. Emmanueli akaja asubuhi akiongoza ng'ombe mtamba, akampa mume wangu kamba. Akasema shika huyu, watoto wapate maziwa. Mume wangu akasema, na wewe huna pa kulima, shika pale korongoni. Yule mtamba alikuja wiki ile ile unga umefika. Na rangi yake ilikuwa kama ule unga. Tukamwita Yanga."

Eva aliacha kuandika.

"Na huyu Yanga wa sasa, Bibi?"

"Ni uzao wake. Anayefanana na yule wa kwanza ndiye anapewa jina. Karibu wote hapo zizini wametoka kwake."

Tulitoka pale nikiwa natembea kama nimebeba yai kichwani, simu nimeishika kwa mikono yote miwili. Nikamwambia Eva, umesubiri jibu hilo tangu darasa la tano. Hakucheka. Alikuwa anamfikiria Mama, maana Mama hakuongea naye siku hiyo nzima.

Alhamisi ikafika. Baraza linakaa ofisi ya kijiji, madirisha yamejaa vichwa. Mwenyekiti wa baraza ni Mzee Hhando, mtu wa maneno machache. Mzee Marseli akaanza, jezi nyekundu chini ya koti, cheti cha hospitali mkononi, akaeleza vizuri sana, watu wanatikisa vichwa. Mtu wa Arusha naye yupo, amesimama nje karibu na gari jeupe.

"Upande wa pili," Mzee Hhando akasema.

Mama hakuinuka. Eva akainuka.

"Shikamooni wazee. Cheti cha Mzee ni cha kweli. Ila kinahusu mwaka mwingine." Akaeleza unga mara mbili, akatoa kadi ya ubatizo. Wazee wawili wa nyuma wakaanza kubishana wao kwa wao ule wa kwanza ulikuwa na wadudu au la, mwenyekiti akawanyamazisha. Kwa hiyo sabini na nne ilikubalika. Marseli jasho. Mama akainua uso kidogo. Nikaomba moyoni: Eva, kaa. Kaa chini sasa hivi.

Hakukaa.

"Lakini shamba si letu," akasema.

Mama akafunika uso kwa khanga. Dominic, yule wa magari, akasema kwa sauti, "Huyo ndiye msomi wenu sasa!" Mzee Marseli akaangalia kulia na kushoto kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Babu yangu alishika tu," Eva akaendelea. "Mwenye shamba ni baba yake Mzee Marseli. Sasa naomba kumuuliza Mzee swali moja. Ng'ombe wako yule wa rangi ya chai anaitwaje?"

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Yanga!" madirisha yote yakapiga kelele.

"Na wewe ni timu gani, Mzee?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Hhando akagonga meza. "Marseli. Jina hilo nani alimpa?"

"Nimekua nikikuta anaitwa hivyo. Kuna ubaya gani?"

Eva akanipa ishara. Nikasimama na simu yangu, spika yake imepasuka tangu ilipoanguka kwenye ndoo, nikasema naomba kimya jamani. Sauti ya Bibi Selina ikatoka, imekwaruza lakini inasikika, mpaka pale pa kamba, mpaka pale pa jina, mpaka "karibu wote hapo zizini wametoka kwake".

Mzee Marseli alisimama kwa hasira. "Mmemlaghai mama yangu! Mzee wa kitandani! Simu hizi wanatengeneza sauti ya mtu yeyote siku hizi!"

Na hapo aliongea kitu, watu wakaanza kunong'ona, hata mimi niliogopa maana kweli vinatengenezwa. Nikamwangalia Eva. Eva akasema, "Mzee ana haki ya kutilia shaka. Wazee watume watu wakamuulize wenyewe. Sisi tubaki hapa, na Mzee abaki hapa."

Wakatumwa wawili. Kwenda na kurudi ni karibu saa nzima. Sijawahi kukaa saa ndefu kama ile. Mama khanga usoni. Marseli anachezea pembe ya cheti chake mpaka muhuri unachanika. Nikawa nawaza, je, kikongwe akiamka vibaya leo? Akiona huruma kwa mwanae? Akisema sikumbuki?

Wakarudi. Mmoja akavua kofia.

"Amesema vile vile. Mtamba, kamba, unga, jina. Na ametuuliza kwa nini Marseli hakwenda kumuuliza yeye mwenyewe, wakati wanalala nyumba moja."

Mzee Marseli akakaa.

Wazee walijadiliana kidogo, Mzee Hhando akasema na katibu akaandika. Shamba ni la ukoo wa Marseli, limeshikwa na ukoo wa Emmanueli. Ng'ombe Yanga ni wa ukoo wa Emmanueli, ameshikwa na ukoo wa Marseli. Anayetaka chake arudishe kwanza cha mwenzake, chote, na uzao wake. Asiyetaka kurudisha, wakae walivyokaa miaka hamsini. Nje nikasikia gari jeupe linawashwa.

Njiani Mama alitangulia peke yake. Hakusema ahsante. Usiniulize kama tulifurahi. Shamba tunalo, ndiyo, lakini tangu siku ile tunalilima tukijua.

Sasa Jumapili, tumetoka misa, tunakunywa chai, tunasikia kwato. Mzee Marseli huyo getini, amekuja na wanaume wawili wa mashahidi, na mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba ni Yanga mwenyewe. Anatabasamu.

"Mama Eva, mimi si mtu wa ugomvi. Nimekuletea ng'ombe wenu. Pokea."

Akanyoosha kamba. Na huku kwetu kamba ya ng'ombe ukiishika mbele ya mashahidi, umepokea, hakuna cha kuongea tena. Akishika Mama, Marseli amerudisha, na kesho shamba limeondoka kwa ng'ombe mmoja mzee. Na Mama jamani hajafuga ng'ombe tangu Baba afariki! Niliona mkono wake unainuka wenyewe, kama unavyopokea mtoto ukipewa.

"Mama," Eva akaita. Hilo tu.

Mkono ukasimama hewani. Mama akamwangalia Eva, ndiyo mara ya kwanza tangu Jumanne. Halafu akaweka mikono yote miwili nyuma mgongoni, akaifunga.

"Mzee Marseli, karibu chai," akasema. "Na wale wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Uzao wake. Mama yako amesema karibu zizi zima. Walete wote, nitashika kamba moja moja."

Mashahidi wake wakaanza kuangalia viatu vyao, mmoja anajizuia kucheka. Mzee Marseli akasimama pale na kamba imenyooka, haina wa kuipokea, Yanga akaanza kula maua ya Mama kwenye kopo. Mwishowe akavuta. "Yanga! We Yanga! Twende!"

Walipopotea kwenye kona Eva akafungua daftari lake akaanza kuandika. Mama akamsogelea kwa nyuma, mikono bado iko mgongoni.

"Andika na tarehe," akamwambia. "Na uandike kwamba sikushika."